Mstari Uliobaki na Zabibu Katikati

Hapana, Neema, hapo nakukatalia. Umenipigia jana kuniambia umepewa usimamizi wa wavunaji, nikaruka kwa furaha, halafu hapo hapo unaniambia, "Dada Pendo, wa kwanza atakayenikaidi namtoa, wengine watashika adabu." Unasema ukianza kwa kuwauliza watu maswali wataona hujui kazi. Unasema hata mimi nilianza kwa ukali na nikaogopwa. Ukali nilianza nao kweli. Lakini nani kakwambia niliogopwa? Nilichekwa. Tena nilichekwa kwa adabu, ambayo ni mbaya zaidi, maana mtu anakucheka huku anakuitikia "sawa madam."

Nilitaka nikujibu, mtandao ukakata. Basi naandika. Na kwa kuwa si wewe peke yako, kuna na Baraka wa umwagiliaji na yule binti mpya wa kitalu cha miche, nao wamekabidhiwa watu msimu huu, someni wote. Na msicheke nikijiita mstaafu. Miaka thelathini sijaifikisha, najua. Lakini shamba la zabibu nimeshaliacha, sasa niko Kibaigwa na mume wangu tunanunua mahindi, na mtu aliyeacha kazi yake ana haki ya kukaa akasimulia, hata kama amekaa juu ya gunia na madalali wanagombana mbele yake kuhusu lori la nani lipakiwe kwanza.

Nianze na filimbi, maana najua mmeshaisikia kwa Zawadi, yule mbeba kreti mwenye mdomo, na Zawadi huwa anaongeza chumvi. Ukweli ni huu. Jioni kabla sijaanza usimamizi nilikwenda nyumbani kwetu Makole, nikapita dukani, nikanunua filimbi. Nilijiona kabisa: napuliza, watu wanaingia mistarini kama askari. Asubuhi nikapuliza. Wavunaji wakanitazama tu. Waliokuja ni mbuzi wa jirani, kundi zima, wakakatisha kwenye ua wa minyaa wakaja mpaka miguuni kwangu. Kumbe mchungaji wao huwaita kwa filimbi.

"Madam," Zawadi akasema, "hawa nao tuwape mikasi?"

Watu walicheka mpaka wakakaa chini. Sasa mtu mwenye akili angecheka nao, kazi ikaendelea. Mimi nilikasirika. Nikapanda juu ya kreti nikatoa hotuba. Nilisema sitaki soga, nataka kazi. Nikasema na lile neno nililolisikia kwenye semina moja mjini, nikaliona la maana sana: "Mwenye tatizo asije na tatizo, aje na suluhisho." Likumbukeni neno hilo, mtaona lilivyonirudia.

Niwaeleze nilikuwa nani. Miaka minne nilikaa bandani kwenye mizani. Kreti zinaletwa, napima, naandika, naonja moja mbili. Nilijua zabibu ya mstari gani inakuja na majani mengi, ya mstari gani imeminywa, ya nani imefutwa ule unga mweupe wa kwenye ganda kwa sababu anashika punje badala ya kikonyo. Kwa hiyo nilijua kreti. Nikadhani najua watu.

Msimamizi aliyenitangulia alikuwa Mzee Athumani, mtu wa macho mekundu na koti la mvua mwaka mzima. Kila asubuhi kabla ya jua alikuwa anazunguka kambini kwa wavunaji na birika la chai ya tangawizi, anakaa kwa huyu, anakaa kwa yule. Mimi nikiwa bandani nilikuwa nachukia. Nilikuwa nasema, huyu mzee analipwa kunywa chai. Alipokuwa anaondoka kwenda kwa binti yake, aliniambia, "Pendo, nipe asubuhi mbili nikutembeze."

"Mistari naijua, mzee."

"Mistari hata mimi naijua. Nikutembeze kwa watu."

Nikamwambia nina haraka, zabibu zimeiva. Akanitazama, akacheka kidogo, akaniachia birika. Nikaliweka stoo.

Haya. Siku ya pili nikafanya mageuzi. Nyie mnaotoka shule mnayapenda mageuzi, nami niliyapenda. Mnajua zabibu zetu zimetambazwa kwenye nyaya, mstari mrefu, majani mengi. Ukivuna upande mmoja peke yako, vichala vilivyojificha upande wa pili vinabaki. Ndiyo maana wawili wanaingia mstari mmoja, mmoja huku, mwenzake kule, uso kwa uso. Mara nyingi mikono inakutana kwenye kichala kile kile, mmoja anashika, mwingine anakata. Watu walikuwa wamejichagulia wenza wao wenyewe, dada na dada, jirani na jirani. Mimi nikaona hizo ndizo soga zenyewe. Nikapanga upya: mwepesi na mzito, ili mwepesi amvute mzito. Hesabu safi kabisa. Nikasimama juu ya kreti nikataja majina.

Kulikuwa na kijana anaitwa Yohana, wa Haneti. Kwa wepesi hakuna aliyemfikia. Anakata kama anacheza, na kreti yake ikija mizanini hukuti jani. Nikampanga na Mama Chilewa, naye wa Haneti, mama mtu mzima, mtaratibu, mikono mizuri lakini ya polepole. Nikajisifu moyoni: wametoka sehemu moja, wataelewana.

Nilipotaja majina yao Zawadi alifungua mdomo. Nikamkazia macho, akaufunga. Neema, Zawadi akifunga mdomo mwenyewe, simama ujiulize. Mimi sikusimama.

Siku hiyo Yohana akaenda kubeba kreti, wakati hakuna aliyemtuma. Nikamrudisha. "Sawa madam." Akaingia mstarini, lakini akaanzia mwisho kabisa, Mama Chilewa yuko mwanzo. Nikasema sawa, watakutana katikati. Hawakukutana. Mama akisogea, Yohana anatoka anaenda kunywa maji. Yohana akirudi, mama anakumbuka mkasi wake butu, anakwenda kuunoa. Na yule mama alikuwa amejifunika kanga mpaka machoni, anakata kwa kupapasa. Nikamwambia, "Mama, toa hiyo kanga, si utajikata vidole?" Akasema, "Jua, mwanangu." Na siku hiyo palikuwa na mawingu!

Jioni mstari wao ulikuwa umevunwa ncha mbili, katikati zabibu zimejaa vile vile, zinaning'inia, zimeiva mpaka zinanata. Nikaambiwa na watu, "Zitamaliziwa kesho." Kesho yake ikawa vile vile. Siku iliyofuata Yohana hakuja kabisa. Mama Chilewa akavuna peke yake upande mmoja, na upande wa pili ukabaki.

Na ilikuwa Machi, mnajua Machi yetu. Asubuhi mbingu nyeupe, mchana wingu linajenga upande wa milima, hujui litamwaga au litapita. Zabibu iliyoiva ikipigwa na mvua inapasuka, na ikipasuka nyigu wanaijua kabla yako. Mnunuzi hachukui zabibu iliyopasuka.

Meneja akaja mchana huo, akatembea, akafika pale katikati, akasimama.

"Pendo, hii nini?"

"Ni Yohana, bosi. Leo hajaja. Na akija anakwepa kazi."

"Amekwambia sababu?"

"Hana sababu. Ni kiburi tu, hataki kusimamiwa na mwanamke."

Sikiliza hiyo sentensi, Neema. Hakuna mtu aliyeniambia Yohana hataki kusimamiwa na mwanamke. Niliitunga pale pale nimesimama, na nilipoisema nikaiamini.

Meneja alikuwa ananitazama mimi kuliko zabibu. Nilikuwa kwenye muda wa majaribio, na wote wawili tulijua. Akasema, "Basi asiendelee. Kesho asubuhi niletee jina lake ofisini, na watu waone." Nikaitikia. Nitawaambia ukweli, nilijisikia vizuri. Nilijiona nimekuwa bosi sasa.

Lakini nikasema siwezi kumfukuza mtu kesho mbele ya watu bila kumwambia leo. Ana mke, ana mtoto, wako kambini, wafunge mizigo wapate gari la asubuhi. Hilo tu ndilo jambo jema nililofanya wiki ile, na nililifanya kwa ajili ya mizigo.

Nikaenda kambini jua likiwa bado lipo juu kidogo. Mara ya kwanza kuingia kule tangu nipewe cheo. Wamama walikuwa wanapika, moshi kila mahali. Nikamkuta mke wa Yohana, Debora, anachambua mlenda, mtoto mgongoni. Yohana amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa anashona kiatu.

"Mbukwa, dada," Debora akanisalimia. "Karibu. Leo bosi umetutembelea!"

"Sitakaa. Yohana, nimekuja kwa ajili yako."

Yohana akasimama, kiatu kimoja mguuni, kingine mkononi. "Ndiyo, madam."

"Unajua hali ya mstari wako. Meneja ameuona. Sasa kesho..."

Sikumaliza. Yohana akatupa macho nyuma ya bega langu, akaruka ndoo, akakimbia akajificha nyuma ya simtanki. Na kiatu kimoja. Mwanaume mzima!

"Yohana!" nikapiga kelele. "Nazungumza na wewe! Utakimbia mpaka wapi?"

Wamama wote wakainamia vyungu vyao. Debora alikuwa ameziba mdomo kwa kanga, mabega yanatikisika. Nikageuka. Mama Chilewa alikuwa anakuja njiani na fungu la mboga kichwani. Akasimama mbali, pale penye kamba ya nguo. Akakohoa. Akajivuta kanga usoni, akaliweka fungu chini.

"Debora, mboga zako hizo."

"Asante, mama."

"Hujambo, mwanangu madam."

"Sijambo, mama. Shikamoo."

"Marahaba." Akageuka, akarudi alikotoka. Alipokwisha kupotelea nyuma ya nyumba, kichwa cha Yohana kikachungulia kwenye simtanki.

"Amekwenda?"

"Amekwenda, toka," Debora akamwambia, machozi ya kicheko yanamtoka. Halafu akanitazama, akaona sijacheka. "Dada, kwani wewe hujui yule ni mama yangu?"

"Mama yako wa kukuzaa?"

"Wa kunizaa! Ni mkwe wake huyu. Tangu alete posa kwetu hajamtazama mama usoni hata mara moja, wala mama hajamtazama yeye. Mama akipita hapa, huyu anatoka kule. Najua nyie wa mjini siku hizi mnakula nao meza moja. Sisi kwetu bado."

Kwetu Makole mume wa dada yangu anakaa na mama anatazama naye taarifa ya habari, wanagombea rimoti. Nilishasikia kuhusu wakwe wasiotazamana, kama unavyosikia habari za zamani. Sikujua ninazo kwenye mstari wangu, nimezipanga mimi mwenyewe.

"Tena si kutazamana tu," akasema mama mmoja kutoka kwenye moto wa pili, hakuweza kuvumilia. "Umewaambia washikiane kichala! Mkono wa mkwe na mkono wa mkwe! Yesu wangu!"

Kambi nzima ikapasuka. Hapo nikajua walikuwa wamekichekea kisa hiki siku zote, na wakati huo huo walikuwa wanakiogopa.

"Yohana," nikasema, "kwa nini hukuniambia?"

Akaangalia kiatu chake. "Ningekwambiaje, madam? Nisimame mbele ya watu niseme siwezi kukaa mstari mmoja na yule mama? Wale wa kwingine wangesema tumegombana, au kuna uchawi. Ingekuwa aibu kwake. Halafu wewe ulisema mtu asije na tatizo, aje na suluhisho." Akainua uso. "Suluhisho langu lilikuwa kuanzia mwisho."

Neema, nimesemwa na watu wengi maishani. Hakuna aliyenisema vizuri kuliko Yohana siku ile, na wala hakuwa ananisema.

"Na leo je? Mbona hukuja kabisa?"

Debora ndiye aliyejibu, sasa hakuwa anacheka. "Mama jana usiku alilia. Alisema anarudi Haneti, hawezi. Huyu akasema, mama asiondoke, amekuja kutafuta ada ya shule ya mdogo wangu Chilewa. Bora akae yeye. Akikaa yeye, mama anavuna kwa amani."

Basi. Ndicho kilichokuwa kiburi chake.

Ninachotaka mkione hapa si mila ya Wagogo. Wewe Neema ni wa huko, utaniambia ungejua. Ungejua hiyo. Usingejua nyingine. Kwenye kundi lako kutakuwa na wawili waliowahi kuposana ikavunjika. Kutakuwa na mmoja anayemficha mwenzake ugonjwa, na mwingine anayekwepa dawa za kupulizia kwa sababu ana mimba hajaitangaza. Vyote hivyo ukivitazama ukiwa juu ya kreti vinafanana na uvivu. Vinafanana kabisa. Na ukishasimama siku ya kwanza ukasema hutaki maneno, hutayapata, watu ni watiifu. Utapata mstari wenye zabibu katikati.

Najua utasema, "Dada, sasa nizunguke nikichunguza ndoa za watu?" Hapana! Hata mimi sikuwa na haja ya kumjua mkwe wa mtu. Nilikuwa na haja ya kuwa mtu anayeweza kuambiwa "madam, hapa panibadilishie." Hilo tu. Na fikiria ningemtaja ofisini bila kupita kambini. Ungesema wengine wangeshika adabu. Adabu gani? Wangejifunza kwamba bosi mpya anafukuza mtu kwa kumheshimu mkwe wake. Hakuna mtu wa Haneti angekanyaga shamba lile tena, na wangekuwa na haki.

Yohana alikuwa bado amesimama. Akauliza taratibu, "Ulikuwa unasema kesho kuna nini, madam?"

Mzigo wote wa mbwembwe zangu ukanishuka. Nikamwambia, "Kesho uje kazini."

"Na mama?"

"Na mama aje."

Debora akanilazimisha nikae kwenye ile ndoo, akanipakulia ugali na mlenda. Nikala. Mama wa moto wa pili akaanza kunisimulia, bila kuulizwa, nani havumilii jua la mchana, nani ana jicho moja linaloona vibaya kwa hiyo apewe upande wa mashariki. Nilisikia mengi kwa muda wa sahani moja ya ugali kuliko nilivyosikia miaka minne ya mizani. Sikuandika kitu. Nilisikiliza tu, na kwa mara ya kwanza tangu nipewe cheo sikuwa na haraka, na mnanijua mimi kwa haraka.

Nilipokuwa narudi chumbani wingu lilikuwa limekaa kule kule milimani, halijaamua. Nikawa natembea najipangia.

Niliamua asubuhi nitapita kwa meneja kwanza, kabla hajaniuliza. Nitamwambia jina la kumpa sina. Aliyeuharibu mstari ule ni aliyepanga jozi, na jozi nilizipanga mimi, na kama muda wangu wa majaribio unaishia hapo basi uishie, lakini Yohana abaki. Sitamweleza habari za mkwe, si zangu kuzieleza. Kisha nitakwenda kwa wavunaji, nitasimama chini, miguu kwenye udongo, niwaambie kila mtu arudi kwa mwenza wake wa zamani. Nitapita kwa mmoja mmoja, nimuulize kwa sauti ndogo kama kuna mtu asiyeweza kukaa naye mstari mmoja, na nitamwambia sababu sihitaji. Yohana nitampa kreti mpya na mstari wa mbali.

Na ule uliobaki nitauingia mimi. Nitachukua mkasi, nisimame upande wa pili wa nyaya, uso kwa uso na Mama Chilewa, nimwambie shikamoo mama, toa kanga, ni mimi. Halafu tuanzie katikati.